Sumu Hukaa Kwenye Mafuta

Machi 1999 serikali ya Uganda ilisimamisha yenyewe mauzo ya samaki wake nje ya nchi. Habari zilikuwa zimezagaa kwamba baadhi ya wavuvi wa Ziwa Victoria wanamwaga dawa ya wadudu majini, wanangoja samaki waelee, kisha wanawaokota na kuwapeleka sokoni. Mwezi uliofuata Tume ya Ulaya ikawafungia mlango samaki wa Kenya na Tanzania pia. Soko la Ulaya lilikuwa limekwisha kuwakataa samaki wa ziwa hili mara mbili katika miaka michache iliyotangulia, kwanza kwa hofu ya bakteria wa salmonela, halafu kwa hofu ya kipindupindu. Safari hii hofu haikuwa ya vijidudu. Ilikuwa ya kemikali inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo.

Kuzunguka ziwa lote viwanda vya minofu vilipunguza zamu, bei ya sangara ufukweni ikaanguka, na wenye mitumbwi waliokopeshwa nyavu na mawakala wakabaki na madeni. Serikali tatu zikahangaika kutimiza masharti: ukaguzi kwenye mialo, maabara za kupima mabaki ya dawa, mkono mkali dhidi ya uvuvi wa sumu. Mwaka 2000 vikwazo vikaondolewa, nchi moja baada ya nyingine. Kazi iliyofanyika ilikuwa kubwa, na waliojenga maabara zile wanastahili heshima. Lakini swali lililotawala kipindi chote cha vikwazo lilikuwa moja: nani amemwaga sumu ziwani? Samaki ambaye hakumwagiwa chochote na mtu yeyote hakuulizwa sumu yake aliipata wapi. Wala haikuulizwa kwa uzito uleule ni nani anayekula sehemu ya samaki huyo iliyobeba sumu nyingi kuliko zote.

Kuvua kwa sumu ni jambo la zamani. Wazee waliokulia kandokando ya mito wanaujua utupa, mmea ambao majani yake hupondwa na kutiwa kwenye vidimbwi wakati wa kiangazi, samaki wakalewa na kuelea. Kiini chake ni rotenoni, kinachozuia mwili wa samaki kuitumia hewa aliyoivuta kwa matamvua. Utupa ni sumu ya kweli, na sheria za leo haziuruhusu, ila jua na joto huuvunja nguvu ndani ya siku chache, na kidimbwi hurudi kuwa kidimbwi.

Endosulfani haiko hivyo. Hii ndiyo kemikali iliyouzwa kwa miaka mingi kwa jina la Thiodan, na wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa waliijua vizuri kwa harufu yake. Takriban mikrogramu moja katika lita ya maji, yaani sehemu moja katika bilioni, inatosha kuua nusu ya samaki aina ya trauti ndani ya siku nne. Hushambulia mishipa ya fahamu: samaki hutetemeka, hupoteza mhimili, huogelea kiubavu, kisha huja juu. Mvuvi mwenye chupa moja na ghuba tulivu alikuwa na silaha ya kutisha, na chupa hiyo hakuitengeneza yeye. Ilikuwa dukani kwa ajili ya pamba. Hali kama hiyo imeonekana pia kwenye mashamba ya mpunga ya Bunyala, magharibi mwa Kenya, ambako watafiti wa ndege akiwemo Martin Odino waliandika jinsi Furadan, dawa ya chembechembe iliyokusudiwa wadudu wa mazao, ilivyotiwa ndani ya konokono na samaki wadogo ili kutega korongo, na korongo hao wakauzwa kama kitoweo. Mahali popote dawa kali inapopatikana kwa bei ndogo na chakula ni haba, atatokea mtu wa kuigeuza chambo. Mtu huyo hukamatwa, na akikamatwa tunadhani kesi imekwisha.

Mvua haikamatwi.

Mikoa inayolima pamba upande wa ziwa, Simiyu, Shinyanga, Mwanza, Mara, Geita na majirani zake, hutoa zaidi ya asilimia 90 ya pamba yote ya Tanzania. Pamba hupandwa Novemba na Desemba, huchanua na kufunga vitumba mwanzoni mwa mwaka, na huvunwa kuanzia Mei. Kwa hiyo miezi ambayo funza wa vitumba, vidukari na kangambili humshughulisha mkulima ndiyo hiyohiyo miezi ya mvua. Anapulizia asubuhi, jioni wingu linapasuka. Udongo mweusi wa mbuga, ambao kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mguu, ukishashiba maji hufura na kuziba. Baada ya hapo mvua haizami tena, inatiririka juu kwa juu ikiwa imebeba tope. Tope hilo linaingia kwenye vijito, vijito vinaingia Mto Simiyu, na mto huo unapita Magu na kumwaga kila kitu katika Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria.

Nimetaja tope kwa makusudi. Dawa za kundi hili hazipendi maji. Ukizitia kwenye glasi ya maji safi zitayeyuka kidogo mno, na hiyo ndiyo sababu mtu anaweza kupima maji ya mto, akakuta karibu hakuna kitu, akatangaza kwamba mto ni salama. Kemikali imejishikiza kwenye chembe za udongo na mabaki ya majani. Inasafiri nazo, inatua nazo mahali mto unapopunguza mwendo: kwenye matete ya mlangoni mwa ziwa, ambako sato hutaga na vifaranga vya kila aina hujificha.

Njia nyingine ni fupi zaidi, na yeyote aliyewahi kukaa vijiji vya pamba ameiona. Mkulima anahitaji maji ya kuchanganyia dawa, na maji yako lamboni. Anakwenda na bomba lake la mgongoni, anapima dawa kwa kifuniko cha chupa, anakoroga kwa kijiti, kijiti anakitupa pale pale. Akimaliza shamba anarudi lamboni kuliosha bomba, maana dawa ikikaukia ndani huziba mdomo wa kunyunyizia, na bomba ni mali. Anasuuza mara tatu kama alivyoelekezwa na bwana shamba. Maji ya kusuuzia yanarudi yalikotoka. Ng'ombe wanakunywa humo, watoto wanavua kambare humo kwa ndoano, na jioni kambare huyo yuko sufuriani. Sioni mkosaji hapa. Mkulima huyu hakupewa pipa la maji shambani, hakupewa glavu, na maelezo yaliyobandikwa kwenye chupa mara nyingi yameandikwa kwa herufi ambazo hata mwenye macho mazuri angezisogeza kwenye jua. Amefanya kila alichoweza kufanya kwa vifaa alivyonavyo.

Ushahidi wa kwamba dawa hizi hufika kwa samaki bila kumwagwa na mvuvi uko kwenye kazi ya wanakemia wawili wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Henry na Kishimba, iliyochapishwa mwaka 2006. Walikusanya sato na sangara kwenye mialo ya wilaya tisa za upande wa Tanzania, wakaupima mnofu wao kutafuta aina 64 za dawa za wadudu. Walikuta tatu za kuzungumziwa: fenitrothioni, DDT na endosulfani. Kiwango cha juu kabisa cha endosulfani kilikuwa miligramu 0.2 katika kilo ya mnofu mbichi. Cha DDT kilikuwa 0.03, na cha fenitrothioni 0.003. Wakapiga hesabu ya kiasi ambacho mla samaki angekiingiza mwilini, wakaona kiko ndani ya mipaka inayokubalika. Mtu anaweza kuisoma karatasi hiyo, akashusha pumzi na kuifunga.

Naomba asiifunge kwanza. Kuna mambo mawili ndani yake ambayo yanastahili kuzungumzwa hadharani kuliko yalivyozungumzwa.

La kwanza ni umri wa sumu. DDT ikikaa kwenye mazingira hubadilika taratibu na kuwa DDE na DDD. Endosulfani nayo hubadilika kuwa salfeti yake. Kwa hiyo mwanakemia akikuta mabaki, anaweza kukadiria kama ni ya jana au ya zamani kwa kuangalia ni kipi kimezidi, mzazi au mtoto. Katika samaki hawa mzazi ndiye aliyezidi. Maana yake ni kwamba samaki walikuwa wamekutana na DDT na endosulfani karibuni, si mabaki ya enzi za babu zao yaliyolala topeni. Mfereji ulikuwa bado unatiririka.

La pili ni mafuta. Watafiti hawa walitoa matokeo yao kwa njia mbili, kama wanakemia makini wanavyofanya: kwa uzito wa mnofu, na kwa uzito wa mafuta yaliyomo ndani ya mnofu huo. Kwa njia ya kwanza endosulfani ilifika miligramu 0.2 kwa kilo. Kwa njia ya pili ilifika 42.

Kuelewa kwa nini namba mbili zinaweza kupishana hivyo kunahitaji kwenda mbali kidogo, hadi Clear Lake, ziwa la jimbo la California nchini Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1940 watu waliokuwa wakienda kupumzika huko walikerwa na mbu wasiouma waliotoka majini kwa mawingu. Wadudu hao ni wa jenasi ya Chaoborus, jenasi ileile ya baadhi ya wadudu wanaoinuka juu ya Ziwa Victoria kama moshi na ambao viluwiluwi vyao ni chakula cha dagaa. Mwaka 1949 ziwa lile lilitiwa DDD, ndugu wa DDT, kwa kipimo kilichoonekana kidogo kupindukia: sehemu moja katika milioni 70 hivi za maji. Likatiwa tena mwaka 1954 na 1957, safari hizo kwa kiasi cha sehemu 0.02 katika milioni. Kisha ndege wa majini waitwao gribi wakaanza kufa. Mafuta ya ndege hao yalipopimwa yalikuwa na sehemu 1,600 katika milioni. Viumbe vidogo vinavyoelea majini vilikuwa na 5 hivi. Samaki wanaokula mimea walikuwa na nyingi kuliko viumbe hivyo, na wanaokula samaki wenzao walikuwa na nyingi zaidi. Jozi zaidi ya 1,000 za gribi zilizokuwa zikitaga pale zilibaki kama 30 kufikia 1960. Rachel Carson alikieleza kisa hicho katika kitabu chake cha 1962, na ulimwengu ukashtuka.

Kilichotokea kinaelezeka bila maneno makubwa. Kemikali isiyopenda maji ikiingia mwilini mwa kiumbe huenda kukaa kwenye mafuta, na ikikaa humo ni vigumu kuitoa. Mwani unaikusanya kutoka kwenye maji. Mdudu mdogo anakula mwani mwingi sana maishani mwake. Mwani unachomwa mwilini na kuisha, kemikali inabaki. Dagaa anakula wadudu wengi. Sangara anakula dagaa wengi, na furu, na hata sangara wadogo. Kila anayekula anarithi akiba ya wote aliowala. Endosulfani haing'ang'anii mwilini kwa muda mrefu kama DDT, samaki huweza kuipunguza akihamia maji safi, lakini tabia ya kukimbilia mafuta ni ileile.

Sasa turudi Mwanza, kiwandani. Sangara anafika kwenye barafu, anapimwa uzito, anapita kwa wenye visu. Mkato mmoja nyuma ya kichwa, mmoja kufuata uti wa mgongo, ngozi inavutwa, mnofu unatoka mweupe na mnene. Kisha unapunguzwa: kipande cha tumboni chenye mafuta huondolewa, kwa sababu mnunuzi wa Ulaya anataka mnofu mkavu usiochacha upesi. Mnofu huo ndio unaopimwa, unaopakiwa, unaopanda ndege. Kinachobaki ni kichwa, uti wa mgongo na nyama iliyong'ang'ania mifupa. Mwanza nzima inajua kinaitwaje. Ni panki, na mapanki yamelisha familia za Kanda ya Ziwa tangu viwanda vilipoanza. Yanapakiwa, yanakaushwa juani juu ya vichanja au kukaangwa kwenye mafuta, yanauzwa Mwanza, Shinyanga, Tabora na kwingineko. Vipande vya mafuta navyo havitupwi. Vinayeyushwa, na mafuta ya sangara yanakaangia samaki wengine.

Hapo ndipo namba mbili za Henry na Kishimba zinapogawana watu. Namba ya mnofu ni ya anayekula mnofu. Namba ya mafuta inamhusu anayekula kichwa, tumbo na mafuta yaliyoyeyushwa.

Nitapiga hesabu, na nitaweka wazi mahali inapoegemea dhana. Mwaka 1998 jopo la wataalamu wa FAO na Shirika la Afya Duniani lilikubaliana kwamba mtu anaweza kula endosulfani hadi miligramu 0.006 kwa kila kilo ya uzito wake kila siku maishani bila madhara yanayotambulika. Mtu mzima wa kilo 60 ana ruhusa ya miligramu 0.36 kwa siku. Mnofu wenye 0.2 kwa kilo ungemlazimu ale kilo 1.8 kila siku ili afikie mpaka huo. Hakuna anayekula hivyo, na ndiyo maana matokeo yalisomeka salama. Mafuta yenye 42 kwa kilo yangemfikisha mpakani kwa gramu 9, chini ya kijiko kimoja cha mezani. Mtoto wa kilo 15 angefika kwa gramu mbili na kidogo.

Dhana iko hapa: 42 ni kiwango cha juu kabisa, si cha kawaida, tena ni cha mafuta machache yaliyomo ndani ya mnofu mkavu, na mafuta ya tumboni au ya kichwani yanaweza kuwa na kiwango kingine. Wala mtu hafi kwa kuvuka mpaka ule siku moja, kwa kuwa umewekwa kwa kuacha nafasi pana ya usalama. Simtishi mtu aache samaki. Kwa mamilioni ya watu wanaolizunguka ziwa, dagaa na sato ni protini wanayoimudu, na kumwondolea mtoto dagaa kwa hofu ya sumu isiyopimwa ni kumfanyia ubaya ulio dhahiri. Ninachosema ni kwamba hesabu hii inapaswa kufanywa kwa vipimo vya panki lenyewe na mafuta yenyewe, siyo kwa dhana yangu. Tuna haki ya kujua kilichomo kwenye chakula chetu kwa uhakika uleule anaopewa mnunuzi wa mbali.

Ushauri wa kawaida katika nchi tajiri ni kumwambia mla samaki aondoe ngozi na mafuta ya tumbo, achome juu ya wavu ili mafuta yadondoke. Ushauri huo ni sahihi, na kwa anayeweza kuufuata aufuate. Lakini mwambie mama anayenunua vichwa viwili vya sangara vya kupikia watu saba aondoe mafuta, na utakuwa umemwambia amwage sehemu ya chakula yenye nguvu kuliko zote. Mafuta ndiyo yaliyomfanya achague kichwa.

Na safari ya mafuta haiishii sufuriani. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa maziwa ya akina mama 95 wa Arusha waliojifungua wakiwa na afya njema. DDE ilikutwa katika maziwa ya kila mmoja wao. Arusha haiko ziwani, na maziwa hayo hayasemi kwamba sumu ilitoka kwa samaki; njia ni nyingi, na dawa ya mbu ni mojawapo. Yanachosema ni kwamba mwili wa mwanamke anayenyonyesha unayeyusha akiba yake ya mafuta kumlisha mwanawe, na kila kilichohifadhiwa humo kinatoka pamoja nayo.

Tangu Henry na Kishimba wachapishe kazi yao mambo yamebadilika, na haki inataka yasemwe. Aprili 2011 nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm ziliiingiza endosulfani kwenye orodha ya kemikali za kukomeshwa duniani. DDT ilikwisha kufungiwa na mkataba huohuo isitumike ila kupambana na wadudu waenezao magonjwa kama malaria. Kwenye pamba ya leo utakuta zaidi dawa za jamii ya pirethroidi kama lambda-sihalothrini na sipamethrini, na nyingine kama profenofosi. Hizi hazikai mwilini mwa binadamu kwa miaka. Ini letu huzivunja haraka, na kwa mlaji hayo ni maendeleo.

Kwa samaki mwenyewe si maendeleo. Pirethroidi huingia kwa urahisi kupitia matamvua, na mwili wa samaki huzivunja polepole mno. Nyingi huua kwa kipimo kilicho chini ya mikrogramu moja kwa lita. Kabla hazijamfikia samaki zinawafikia wadudu wa majini, ambao ndio chakula chake, kwani zilitengenezwa kuua wadudu na hazibagui wa shambani na wa mtoni. Basi sumu ya zamani ilituletea samaki mwenye mzigo. Ya sasa inaweza kutuachia lambo lisilo na samaki, na huko hakuna mabaki ya kupima, kwa sababu hakuna wa kupimwa.

Na lambo lisilo na wadudu wala samaki halibaki tupu. Mwaka 2020 watafiti waliochunguza maeneo 48 ya maji baridi magharibi mwa Kenya, upande wa ziwa, walichapisha jambo ambalo kila ofisa wa afya wa Kanda ya Ziwa angepaswa kulifahamu. Konokono wanaobeba vimelea vya kichocho walistahimili viwango vya dawa za wadudu vilivyowaangamiza viumbe wengine wanaogombania nao chakula. Dawa inapoingia majini, washindani wanaondoka, konokono wanatanda. Ukiongeza kwamba ziwa hili limekwisha kupoteza aina nyingi za furu, na kati ya furu walikuwamo waliobobea kula konokono, unaona kwa nini mtoto anayeoga kwenye lambo la kando ya shamba la pamba anaweza kuugua kutokana na dawa ambayo haikumgusa kamwe. Mkojo wake wa damu utaandikwa kwenye daftari la zahanati kama kichocho, na ndicho kweli. Chupa iliyosuuzwa haitaandikwa popote.

Tanzania ina vyombo vya kulishughulikia jambo hili. Sheria ya Uvuvi ya 2003 inakataza uvuvi wa sumu, na mialo ina vikundi vya wanajamii vya kusimamia rasilimali za uvuvi (BMU) vinavyomfahamu kila mwenye mtumbwi. Iko Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyozaliwa na sheria ya 2020, inayosajili kila dawa inayoingia shambani. Iko maabara ya ubora wa samaki pale Nyegezi, Mwanza, na ziko taasisi za utafiti wa uvuvi na wa kilimo. Ninaloliona ni kwamba wa shamba na wa ziwa wanakutana kwa nadra, na vipimo vikali vilijengwa kwa ajili ya kufungua mlango wa nje. Mlango ukafunguka, mnofu ukaendelea kusafiri.

Mimi ningependa tuanze na pipa. Pipa moja la maji kwa kila kundi la mashamba, lililowekwa juu kwenye tuta mbali na lambo, la kuchanganyia dawa na kuoshea bomba, na maji ya kusuuzia yakapulizwa juu ya pamba badala ya kurudishwa lamboni. Chama cha ushirika kinachogawa mbegu na dawa kinaweza kugawa na pipa. Kisha ukanda wa majani usiolimwa kando ya kila kijito, maana majani huchuja tope, na sumu imo kwenye tope. Sheria za mazingira zinautaja ukanda huo tayari, mita 60 kutoka kwenye maji, ila ukitembea Magu au Bariadi utaona pamba imeshuka hadi ukingoni, kwa sababu ardhi ya ukingoni ndiyo yenye rutuba na mkulima ana ekari mbili tu. Hapo amri peke yake haitoshi. Mkulima huyo lazima alipwe kitu, au aruhusiwe kuvuna majani yale kwa ng'ombe wake.

Halafu tupime upya, na tupime tunachokula. Machi, mvua ikiwa imechachamaa na mabomba yako migongoni, zichukuliwe sampuli Ghuba ya Speke, mlangoni mwa Simiyu: dagaa mzima na utumbo wake, kwa sababu hivyo ndivyo anavyoliwa, kichwa cha sangara mkubwa, mafuta yaliyoyeyushwa yanayouzwa kwa chupa sokoni, panki lililokaangwa. Zichukuliwe pia sampuli za kambare na kamongo kwenye malambo ya Maswa na Meatu, ambako samaki huishi topeni na hakuna mto wa kuyasafisha maji. Septemba, pamba ikiwa imekwisha kuuzwa na ardhi imekauka, zichukuliwe tena palepale. Matokeo yatolewe kwa uzito wa mafuta, kando yake ziandikwe gramu ambazo mtoto wa kilo 15 anaweza kula kwa siku, na karatasi hiyo ibandikwe kwa Kiswahili kwenye mbao za matangazo za mialo na za zahanati.